Simu moja, wanawake sita

Mikutano ya ushirika wetu wa wakulima wa mwani tunaifanya siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Bamvua likija, maji yakikupwa mbali, humpati mtu, kina mama wote wako pwani na kamba zao na tai-tai, zile nyuzi za kufungia mwani. Sisi tuko Jambiani, Unguja, wenzetu wako Micheweni, na nauli ya boti ya kwenda Pemba kila mwezi nani anayo? Tunakutana kwa Zoom.

Katibu ni mimi. Kuandika muhtasari kwa mkono kulinichosha, basi Shaaban iliyopita nikaweka programu inayoingia mkutanoni na kuandika kila linalosemwa. Sikumwambia mtu. Niliona ni kazi ya katibu, wao itawahusu nini?

Ikaingia na jina lake kama mwanachama. Bi mkubwa mmoja wa Micheweni, ambaye yumo kwenye mwani tangu ulipoanza kulimwa kibiashara huku kwetu, miaka ya 1980 ikiishia, akauliza, "Huyo aloingia bila salamu nani?"

Nikaeleza. Kimya. Kisha, "Mwanangu, mie nasema na nyinyi. Huyo sikumwalika."

Nikajitetea kwamba kwenye simu kilitokea kitufe cha kukubali na wamekibonyeza. Akaigeuza simu. Nikaona mkeka, sinia la muhogo na wanawake sita. Kitufe kabonyeza mjukuu wake wa darasa la tano, ili mkutano ufunguke.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kwanza anazikusanyia nini. Mimi nilimjulisha mtoto wa skuli, tena kwa Kiingereza.

Nilipoufungua muhtasari wenyewe, "mwani" umekuwa "mwana" kila mahali, utasema tunauza watoto kwa kilo. Nilicheka peke yangu. Lakini bei haikukosewa hata moja: anayotupa mnunuzi, tunayotaka kumdai, na nani kakopa kwake. Yakimfikia yeye hayo, tumekwisha. Na sikujua hata maandishi yale yamehifadhiwa kwenye kompyuta ya nani. Nikayafuta, nikawapigia kuwaambia.

Siku hizi nauliza kabla ya ajenda, na kila aliyekaa nyuma ya simu ajibu kwa sauti yake. Nawaambia maandishi yanakaa kwangu mpaka muhtasari upitishwe, kisha nayafuta. Anayechelewa namuuliza naye. Mwenyekiti hapendi, anasema dakika kumi zinapotea kwa kuulizana. Mimi naona ni dakika kumi halali kabisa.

Mkutano uliopita watano walikubali. Wa sita, sauti ikitokea mbali, kama nyuma ya pazia: "Mie sitaki. Nna deni nataka kulisema."

Nikaizima programu, nikavuta daftari.

"Na hiyo kalamu," akasema, "iweke chini."