Shafti ndani ya puli: hatimaye mbano umekubali

Imekubali! Kwenye modeli yangu ya kompyuta, shinikizo kwenye mgusano limetulia kwenye megapaskali 78 na ushei, na hesabu ya Lamé kwa mkono (kanuni ya mkazo kwenye silinda nene) inataka 78.75.

Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: shafti ya chuma yenye nusu kipenyo cha mm 20, puli ya chuma yenye nusu kipenyo cha nje cha mm 40, na shafti imezidi nusu kipenyo cha tundu kwa mm 0.02; huo ndio mbano. Robo ya duara tu, bila msuguano. Wavu, yaani kuigawa modeli katika vipande vidogo (elementi) vinavyounganishwa na vituo (nodi), natengeneza kwa programu ya PrePoMax; solva, programu inayopiga hesabu, ni CalculiX.

Kilichonitesa ni hali ya mwanzo, kabla solva haijapiga hata hatua moja. Nilichora shafti kubwa kuliko tundu, nikaacha nyuso ziingiliane ili solva izitenganishe. Ikazitenganisha, tena bila kulalamika. Lakini shinikizo likatoka madoadoa kama manyoya ya kanga: hapa mara mbili ya Lamé, jirani yake karibu sifuri. Nikapandisha ugumu wa mgusano kutoka mara 5 ya E (ugumu wa chuma chenyewe) hadi mara 50. Madoa yapo palepale!

Tatizo ni jiometria. Elementi zangu ni za mstari, pande zake zimenyooka, na kila moja inachukua nyuzi 5, kwa hiyo duara langu ni pembenyingi. Katikati ya kila upande uso unazama kuelekea kitovu kwa 20 × (1 − cos 2.5°), yaani mikroni 19. Na mbano wenyewe ni mikroni 20! Nodi ya shafti ikiangukia katikati ya upande wa tundu, nyuso zinaingiliana mikroni 39. Nodi ya tundu ikiangukia katikati ya upande wa shafti, inabaki 1.

Amri ya ADJUST ya CalculiX nayo haikusaidia. Inahamisha nodi zikalale juu ya uso wa pili bila mkazo wowote, basi madoa yakaisha na mbano ukaisha nao. Ni nzuri kuziba mianya, ila kwa mbano wa makusudi ni sumu.

Dawa: sehemu zote mbili zina mm 20 kamili, nodi zinatazamana moja kwa moja, kisha shafti naivimbisha kwa joto la kubuni. Kiwango cha upanukaji 0.00001 kwa kila nyuzi, joto nyuzi 100, zidisha kwa 20, unapata 0.02. Nimetumia amri ya EXPANSION ya aina ya ORTHO, ambayo kila mhimili una kiwango chake, z (urefu wa shafti) ikiwa sifuri, ili shafti isirefuke. Joto linapanda polepole, solva inapumua.

Kadi hizi, yaani mistari ya amri za solva, naziandika kwa mkono. Kubofya kunafaa kwa wavu. Kwenye mgusano nataka kuona kila mstari.

Iliyofuata ilikuwa kuweka msuguano na kuisukuma shafti itoke. Nimeiahirisha. Kama joto la kubuni linafanya kazi, mbona nisiigize lile la kweli la karakana: pasha puli, ingiza shafti, acha ipoe? Kwa 0.000012 ya chuma, nyuzi 83 zinamaliza mbano, na nyuzi 125 zinaacha mwanya wa mikroni 10. Faili jipya nimeshalifungua.