Maswali ninayompelekea daktari wa mifupa

Mguu wangu wa kushoto umepungua sentimita nne. Utotoni mfupa wa muundi uliingia usaha. Ukapona, lakini ukabaki nyuma ya mwenzake. Nimeishi kwa viatu vya kuongezwa soli, na mgongo sasa umeanza kudai chake. Jumanne nashuka Dar kuonana na daktari anayerefusha mifupa. Maswali nayaandika nyuma ya karatasi ninazokatia vipimo vya nguo, maana ndizo zilizojaa hapa dukani.

Watu wote wananiambia niulize kama itauma. Hilo sina haja ya kuuliza, mfupa ukikatwa unauma. Mimi nataka kujua nitakavyoishi nikisharudi nyumbani Tanga.

Njia yenyewe aliianzisha daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Mfupa unakatwa, halafu mguu unazungushiwa pete za chuma zilizoshikiliwa na nyaya nyembamba zinazopita ndani ya mfupa. Unasubiri kama wiki moja, kisha unaanza kuuvuta: milimita moja kwa siku, robo robo, mara nne. Pengo linajazwa na mfupa mpya. Ukivuta haraka mno mfupa haujengeki, ukichelewa unaunga kabla ya wakati. Kuvuta ni kuzungusha nati za vyuma hivyo: za kawaida huzungushwa kwa spana namba 10, ile ile ya mafundi baiskeli, na robo mzunguko ndiyo robo milimita.

Kwa hiyo swali la kwanza: nani atazungusha? Mimi mwenyewe, au mdogo wangu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni? Robo ya usiku ikisahaulika asubuhi tunafidia au tunaendelea tu?

La pili ni choo. Chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu mwenye pete kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo anachuchumaaje? Nadhani daktari hajaulizwa hili mara nyingi, lakini nitaliuliza waziwazi, mgonjwa hana aibu. Nikijibiwa "haiwezekani", nitamwita fundi atengeneze kiti chenye tundu kabla ya upasuaji.

La tatu ni cherehani. Natumia ya miguu. Nahesabu kwamba kila sentimita hula mwezi mzima au zaidi ndani ya vyuma, kwa sababu mfupa ukishafika urefu unaotakiwa bado lazima ukomae. Sentimita nne si mchezo. Je, naweza kukanyaga pedali kwa mguu wa kulia peke yake, au nianze kutafuta mota sasa? Sketi sina wasiwasi nazo, nitajikatia pana zenye vifungo ubavuni.

Halafu kuna yale ya hospitali yenyewe. Usaha wa zamani unaweza kuamka? Tundu zinamopita nyaya zinasafishwa kwa kitu gani, kila baada ya muda gani, na wekundu wa namna gani ndio wa kunipandisha basi siku hiyo hiyo? Kifundo kikianza kukakamaa na vidole kuelekea chini, tunapunguza kasi au tunasimama? Nani wa mazoezi ya viungo yuko karibu na Tanga? Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huku tunameza kama pipi, niiache? Nimesikia baadhi ya madaktari hawaipendi mfupa unapojengeka.

Nitamwuliza pia ameshawafanyia wangapi wenye mguu kama wangu, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji. Akikasirika, nimeshapata jibu.

Na je, lazima sentimita zote nne? Nikiongezewa tatu, ile moja inamezwa na soli nyembamba ndani ya kiatu, na mimi natoka kwenye vyuma mapema. Hili ndilo ninalolitamani zaidi, sema sitaki kulianza mimi. Nataka nione kama atalitaja mwenyewe.

Fedha nimeziweka mwisho kwenye karatasi lakini siyo mwisho kichwani. Nataka bei ivunjwe: vyuma, eksirei za kila wakati, dawa za kusafishia, na ile siku ya kuvitoa vyuma, ambayo watu husahau kuihesabu.

Mdogo wangu ndiye atakayeandika majibu, mimi nitasikiliza. Na kama umewahi kukaa na pete za muundi, niandikie basi: ulikuwa unalalaje?