Mtu wa Shuka Moja

Ndugu zangu katika Dharma, amani iwe kwenu.

Juma zima nimekaa na jina moja: Milarepa, mwalimu wa Kibuddha wa Tibet. Mila ni ukoo wake. Repa ni mvaa pamba, na hapo ndipo penye uzito, maana Tibet ni nchi ya baridi kali, watu hujifunika ngozi za kondoo. Yeye alishika tafakuri ya tumo, inayoamsha joto la ndani ya mwili, akatosheka na shuka moja ya pamba. Shuka ikawa jina.

Hakuzaliwa nalo. Karne ya 11, baba yake alikuwa safarini kibiashara alipopata habari za uzazi, akamwita mtoto Thöpaga, yaani furaha kuisikia. Jina tamu, maisha machungu. Baba alifariki, ami na shangazi wakala mali ya yatima, mama akamtuma mwanawe akajifunze uchawi alipize kisasi. Masimulizi yanasema waliokufa kwa uchawi huo kwenye karamu ya harusi walikuwa 35. Hapa husita kila nisomapo. Tunayemwita mwalimu aliwahi kuua, na wazee wa Kagyu, mapokeo ya Kibuddha yanayomfuata, hawakulificha hilo. Baadaye Marpa, aliyekuwa mwalimu wake, alimjengesha minara kwa mikono yake, akamwamuru abomoe, ajenge tena, hadi mgongo ukajaa vidonda. Ndipo akamfundisha.

Kisha pango. Alichemsha majani yanayowasha kama upupu, hayo kwa hayo, mpaka ngozi ikageuka kijani. Siku moja chungu chake cha pekee kilivunjika. Vigae vikaanguka huku na huku, na ule ukoko wa majani uliogandamana ndani ukabaki umesimama, umbo la chungu kamili. Akauimbia: kilikuwepo, sasa hakipo, na chungu chenyewe kimekuwa mwalimu wangu.

Picha zake humwonyesha ameweka mkono wa kulia sikioni. Kwangu mimi, Thöpaga bado yumo humo, anasikiliza.

Gampopa, mwanafunzi wake aliyekuwa tabibu, alipoagwa na kuondoka, alishavuka maji aliposikia Milarepa anamwita: Limebaki fundisho moja, la ndani kuliko yote. Nisipokupa wewe nimpe nani? Gampopa akarudi mbio, akasujudu. Mzee akampa mgongo, akainua ile shuka, akamwonyesha makalio yaliyojaa sugu kwa miaka ya kukaa juu ya mawe.