Kuelea kwanza, Watamu baadaye

Ntinda, Jumapili usiku

Leo bwawani zoezi lilikuwa moja tu: kulala kifudifudi juu ya maji, uso ndani, bomba la kupumulia mdomoni, bila kugusa chini. Kusema ni rahisi. Maji yalipoingia kwenye bomba la mpwa wangu, miguu yake ilishuka yenyewe kutafuta pa kusimama. Bwawani kuna vigae. Watamu, pwani ya Kenya, tunakokwenda Desemba, kuna matumbawe.

Ndiyo maana maonyo ya "usikanyage matumbawe" hunikera kidogo, kana kwamba watu hukanyaga kwa kupenda. Hukanyaga kwa hofu. Wengi wetu hapa Kampala tumekua tukiambiwa tukae mbali na ziwa, kuna kichocho, kuna kuzama. Mtu kama huyo mvishe miwani na mapezi, mshushe kwenye maji ya kifuani; akipaliwa, atasimama tu. Na anachokikanyaga, ingawa kinafanana na jiwe, ni wanyama wadogo laini walioshikamana juu ya chokaa waliyoijenga wenyewe. Matumbawe ya mabonge hukua milimita chache tu kwa mwaka, mengine sentimita moja hivi. Kisigino kimoja kinaweza kuvunja kilichoanza kuota kabla mpwa wangu hajazaliwa.

Asiyeweza kuelea avae jaketi la kuokolea, wala si aibu. Mapezi nayo yana adabu yake: ukining'iniza miguu na kupiga mateke, mchanga hutimka na kuwafunika wanyama wale.

Kuhusu mafuta ya jua sikuumiza kichwa. Hawaii imepiga marufuku uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe, tangu 2021. Sisi tutavaa fulana za mikono mirefu, basi.

Kazi ipo kwa shemeji. Ameona video, sasa anataka kubeba mkate wa kuwalishia samaki, tena ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968! Nikamweleza kuwa samaki kama pono hukwangua mwani unaosonga matumbawe, kwa hiyo tuwaache wale chakula chao.

"Shemeji, mkate mmoja tu jamani."

"Na wa boti ya pili? Na ya tatu?"

Hatujaafikiana. Ila amekubali kuja bwawani Jumamosi, maana kumbe yeye mwenyewe hajui kuelea.