Prosesa 200 zilizoombwa, 160 zilizowaka: nilivyotatua

Mashine pepe (kompyuta ya kuigwa kwa programu) ya Linux kwenye QEMU/KVM, programu za kuendesha mashine pepe, aina ya maunzi q35, iliwashwa na `-smp 200,sockets=10,cores=20,threads=1`. Ndani yake `nproc`, amri ya kuhesabu prosesa, ikatoa 160. QEMU za zamani zingekataa kuwaka. Mpya huwaka kimya.

Tatizo ni namba ya APIC (kitambulisho cha kila prosesa cha kupelekewa interapti, yaani ishara za vifaa), si idadi ya prosesa. Kila soketi hutengewa nafasi kwa vipeo vya 2, kwa hiyo kori 20 hukalia nafasi 32. Soketi ya tisa huanzia namba 256 na prosesa ya mwisho, katika soketi ya kumi (tukihesabu kuanzia 0), ni 9×32+19, yaani 307. Bila njia ya kuelekeza interapti kupita 255, kerneli ya mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) huziacha soketi mbili za mwisho. Ndizo 40 zilizopotea.

Dawa rahisi ni kupanga upya: `sockets=25,cores=8`. Namba zinaishia 199, hakuna kingine cha kugusa. Ukihitaji kuvuka 255 kwelikweli, weka `-machine q35,kernel-irqchip=split` pamoja na `-device intel-iommu,intremap=on,eim=on`, kifaa pepe kinachoelekeza interapti upya. Ukisahau `split`, `intremap` haikubaliki.

Kwa majaribio, mwenyeji (kompyuta halisi inayoendesha mashine pepe) hahitaji kori 200 halisi, ila onyo la "soft lockup" (kerneli ikidhani prosesa imekwama) litakusumbua bure: prosesa pepe inasubiri zamu tu. Ndani ya mgeni pandisha `kernel.watchdog_thresh`, kikomo cha onyo hilo kwa sekunde, kutoka 10 hadi 60. Ikiganda kweli, washa QEMU na `-s` na kerneli ya mgeni na `nokaslr`, unganisha gdb (kichunguzi cha programu), kisha `thread apply all bt`. Kila prosesa huonekana kama uzi wake.