Natafutia binti gredi 7 huku Ganze

Jamani wiki hii nimezunguka na boda JSS (sekondari ya chini, gredi 7 hadi 9) tatu za serikali huku kwetu Ganze, Kilifi, natafutia binti yangu shule ya gredi 7, na zote ziko ndani ya primari zile zile tulizosoma sisi. Ya kwanza iko karibu na nyumbani, darasa la gredi 9 bado lanuka rangi, lakini walimu ni wawili tu na mmoja ni intani, yule wa hisabati ndo huyo huyo wa kilimo na dini. Nikauliza maabara iko wapi, nikafunguliwa kabati la chuma, ndani mna chupa tatu za glasi na kajiko ka gesi kasiko na gesi 😂 Ya pili mambo safi, walimu sita, ila ni mwendo wa saa nzima kwa miguu na kiangazi hiki mtoto abebe na kidumu cha maji. Ya tatu sisemi, niliwakuta chini ya mwembe. Na pesa ya serikali ni ile ile kwa kila mtoto, shilingi 15,042 kwa mwaka, sasa mbona tofauti hivi? Mamake ataka ya karibu, mi roho iko kwa walimu sita. Nishaanza kuulizia bei ya baiskeli.