Mti wa Wadai Kiti cha Ufaransa: Karatasi ya Pili Imekauka

Nilipofikia

Karatasi ya pili imekauka na nimeshaigundisha kwenye ya kwanza. Kwa waliochelewa kujiunga: nachora kwa mkono mti wa nasaba wa watu waliodai kiti cha enzi cha Ufaransa katika karne ya 19, na ukimalizika utakaa ukutani sebuleni. Kambi ni tatu. Walejitimisti walitaka tawi kubwa kwa kuzaliwa la ukoo wa kifalme wa Bourbon, Waorleani walitaka tawi dogo la Orléans, na Wabonaparti walitaka ukoo wa Napoleon urudi. Kila kambi ina wino wake: bluu ya Orléans, kijani ya Bonaparte. Walejitimisti bendera yao ilikuwa nyeupe, na wino mweupe juu ya manila nyeupe hauonekani. Basi nimetumia manila ya rangi ya kaki na kalamu ya wino mweupe, ile ya kuandikia kadi za harusi. Ukiiharakisha inakwaruza, lakini ikikauka inapendeza.

Mistari nayo ina kanuni. Mzito ni wa aliyekikalia kiti, wa vikato ni wa aliyekidai tu, wa nukta ni wa matapeli.

Mtoto wa gerezani

Matapeli wamenijazia kona nzima ya karatasi ya kwanza. Louis XVI alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793. Mwanawe, ambaye wafuasi walimhesabu kuwa Louis XVII, alifia katika gereza la Temple tarehe 8 Juni 1795 akiwa na miaka 10. Kwa kuwa umma haukuuona mwili, walizuka watu kibao wakidai ndio yeye. Maarufu kuliko wote ni Karl Wilhelm Naundorff, fundi saa aliyetokea Prussia, akafia Delft mwaka 1845 na kaburi lake likaandikwa Louis XVII. Hata Marekani alitokea mmoja, mmishenari Eleazar Williams.

Nimewapa wote nukta bila kusita. Daktari Pelletan, aliyeupasua mwili wa yule mtoto, aliuchukua moyo wake. Mwaka 2000 vinasaba vya moyo huo vikalinganishwa na vya jamaa wa Marie Antoinette, mama wa mtoto, vikaafikiana, na mwaka 2004 ukazikwa Saint-Denis pamoja na wafalme. Nimeuchora moyo mdogo pembeni, na wageni wanaopita sebuleni wanauulizia kabla ya kitu kingine chochote.

Majina manne, wiki moja

Mahali pagumu kuliko pote ni Agosti 1830. Mapinduzi ya siku tatu za Julai yalimkuta Charles X, mdogo wa Louis XVI, akiwa mfalme. Tarehe 2 Agosti, akiwa Rambouillet, akaandika barua ya kuachia kiti. Mwanawe mkubwa, Louis Antoine, akaachia haki yake katika barua hiyohiyo. Kiti kikamwangukia mjukuu, Henri, mtoto wa miaka 9. Huyu alizaliwa Septemba 1820, miezi saba baada ya baba yake, Duke wa Berry, mwana wa pili wa Charles, kuchomwa kisu mbele ya jumba la opera la Paris. Wafuasi walimwita mtoto wa muujiza, kwa sababu muuaji alikusudia tawi hilo liishe kabisa.

Barua ile alipelekewa binamu yao, Louis-Philippe wa Orléans, atangaze kwamba Henri V ndiye mfalme. Louis-Philippe akawaambia wabunge kwamba Charles na mwanawe wameachia kiti. Kuhusu mtoto, kimya. Tarehe 9 Agosti akaapishwa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo ndani ya wiki moja, nafasi moja ina majina manne kutegemea unamuuliza nani. Ukimuuliza Mlejitimisti, Orléans ni mnyang'anyi, tena mtoto wa yule Philippe aliyepiga kura ndugu yake Louis XVI auawe. Ukimuuliza Mworleani, bunge limechagua, imekwisha. Nimetoa mistari miwili kutoka jina la Charles X, mweupe wa vikato kwenda kwa Henri na wa bluu mzito kwenda kwa Louis-Philippe. Wa bluu nimeuvunja njiani, kwa sababu haukupita kwa urithi.

Mwaka 1848 Louis-Philippe naye akaangushwa, akamwachia kiti mjukuu wake, Count wa Paris. Bunge halikumtambua. Hapo bluu nayo ikawa vikato, na nikapumua kidogo.

Walipokaribia

Karatasi ya pili karibu yote ni miaka ya 1871 hadi 1873, na hapa nimekuwa mchoyo wa nafasi kwa wengine. Kaizari Napoleon III alikuwa ameangushwa baada ya kushindwa vitani huko Sedan mwaka 1870. Uchaguzi wa Februari 1871 ukaleta bunge ambalo zaidi ya nusu ya wabunge walikuwa wanataka mfalme. Tatizo ni yupi.

Suluhisho lilikuwa wazi kiasi kwamba hata mtoto wa shule angeliona. Henri, sasa akijulikana kama Count wa Chambord, alikuwa na zaidi ya miaka 50 na hana mtoto. Atawale yeye, akifa arithi Count wa Paris. Tarehe 5 Agosti 1873 Count wa Paris alifunga safari hadi Frohsdorf, Austria, akamtambua Chambord kuwa mkuu wa ukoo. Paris mafundi wakatengeneza magari ya farasi ya kumwingiza mfalme mjini. Magari hayo yamehifadhiwa katika kasri la Chambord.

Kikwazo kikawa bendera. Chambord alitaka nyeupe. Tangu Julai 1871 alikuwa ametangaza kwamba aliipokea kutoka kwa babu yake aliyefia uhamishoni, ilipepea juu ya susu lake na itafunika kaburi lake. Wabunge na jeshi walitaka ile ya rangi tatu, bluu, nyeupe na nyekundu. Marshal MacMahon, rais wa wakati huo, anasimuliwa kuwa alionya kwamba nyeupe ikipandishwa bunduki zitajifyatua zenyewe. Mbunge Chesnelong akatumwa kuzungumza na Chambord, akarudi na matumaini. Kisha ikaja barua ya tarehe 27 Oktoba 1873, ikachapishwa magazetini: Chambord hakubali sharti lolote.

Watu hupenda kusema alikikosa kiti kwa sababu ya kitambaa. Mimi naona wanamdharau. Akiipokea bendera ya rangi tatu kwa sharti la bunge, atakuwa amekubali kwamba ufalme ni zawadi ya bunge, na hiyo ndiyo hoja ya Orléans ya mwaka 1830. Angekuwa amekaa kitini kwa kanuni ya mtu aliyempokonya. Kwa mtazamo wake alikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana hakutawala.

Novemba alikuja Versailles kwa siri, akitaka kuonana na MacMahon. MacMahon akakataa. Tarehe 20 Novemba bunge likampa MacMahon miaka saba ya urais, hesabu ya Waorleani ikiwa kwamba Chambord atakuwa amefariki kabla haijaisha. Akaishi hadi Agosti 1883. Wakati huo jamhuri ilikuwa imeshaota mizizi: tarehe 30 Januari 1875 kifungu kilichoweka namna ya kumpata rais wa jamhuri kilipita kwa kura 353 dhidi ya 352. Hizo namba mbili nimeziandika kwa wino mwekundu, rangi isiyo ya kambi yoyote.

Wahispania wameniharibia pembezoni

Nilidhani Chambord akifa wino mweupe unaisha. Wapi! Wengi walihamia kwa Count wa Paris, lakini wachache waligoma. Walisema mkubwa kwa kuzaliwa ni tawi la Hispania, uzao wa Philip V, mjukuu wa Louis XIV. Philip aliiacha haki yake ya Ufaransa ili Mkataba wa Utrecht wa 1713 upite, na wagomaji wakajibu kwamba haki ya damu haiachiki kwa kalamu. Mjane wa Chambord alikuwa upande huo. Count wa Paris alipoambiwa kwamba kwenye mazishi ya Chambord huko Görz hatatangulia waombolezaji, hakuhudhuria.

Kwa hiyo mstari mweupe umekata kulia hadi kwa Juan, Count wa Montizón, kisha mwanawe Carlos, ambaye tayari alikuwa amepigana vita kudai kiti cha Hispania. Mtu mmoja, viti viwili, vyote vya madai. Imebidi nigundishe kipande cha manila pembeni, na fremu niliyoagiza kwa fundi seremala sasa ni fupi.

Kinachofuata

Karatasi ya tatu ni ya kijani. Mwana wa Napoleon III aliuawa Uzuluni tarehe 1 Juni 1879 akiwa na jeshi la Waingereza, na wosia wake ulimruka binamu yake Napoléon-Jérôme ukamtaja Victor, mtoto wa huyohuyo Jérôme. Baba na mwana wakagombana, kila mmoja na wafuasi wake. Nahitaji kijani cha pili, na duka la vifaa vya ofisini lina kimoja tu.